UZI: Miles Dyson wa Terminator 2 alionewa au alijitakia?

#1 KijanaWaUmoja
Wadau, salama. Juzi nilikuwa kwa kaka yangu Donholm tukirudia Terminator 2, ile ya 1991, ya Arnold akiwa roboti na yule polisi wa kuyeyuka. Nimeiona mara nyingi hata sihesabu. Safari hii kaka akatupa neno: "Huyu Dyson ni mbaya kuliko hiyo roboti." Tukabishana mpaka shemeji akazima TV.

Kwa wasiokumbuka, Miles Dyson ni yule mwanasayansi mweusi, mwenye kampuni ya Cyberdyne. Hana dakika nyingi. Anaonekana kazini, anaonekana nyumbani, anapigwa risasi ya bega, anaambiwa kazi yake itazaa Skynet, ile kompyuta itakayowageukia watu, na mabomu ya 2004 yatakayoua watu bilioni tatu, anasema basi twendeni tukaiharibu, anakufa. Tangu risasi mpaka kifo ni usiku mmoja. Mimi nasema alionewa. Nyinyi je?

#2 Dereva58
Steringi hafi. Dyson hakuwa steringi. Uzi ufungwe.

#3 TichaHesabu
Kabla haujafungwa, nisahihishe mawili. Dyson hakuwa mwenye Cyberdyne. Alikuwa mkuu wa miradi maalum, yaani mtu wa mshahara kama mimi, ila wake ulijenga nyumba yenye bwawa la kuogelea. Pili, mabomu katika filamu hii ni ya tarehe 29 Agosti 1997. Ya 2004 umeyatoa kwenye sehemu ya tatu.

Hilo la pili si dogo, nitalirudia nikimaliza kusahihisha mitihani.

#4 Fundi_Luthuli
Alijitakia. Nasema kama fundi.

Kuna mahali pale ofisini kijana wa maabara anamuuliza Dyson kama anajua vile vitu vilitoka wapi. Vitu vyenyewe ni chipu ya kompyuta iliyopondeka na mkono wa chuma, mabaki ya ile roboti ya filamu ya kwanza, iliyotumwa 1984 kutoka siku za usoni. Dyson anajibu kwamba aliwahi kuwauliza wakubwa, akaambiwa asiulize. Halafu anaendelea na kazi! Hapo ndipo nilipomwachia mkono.

Mimi nimekaa Luthuli miaka kumi na mbili. Simu ikiletwa haina risiti, mwenye nayo hajui namba ya siri na anaangalia mlango kila saa, nikikaa kimya nikaifungua, mimi si fundi tena. Ni mshirika. Sasa huyu daktari mzima analetewa mkono wa chuma wenye vidole vitano, unafungiwa kwenye kabati la ufunguo mbili zinazozungushwa pamoja, na bado anajiambia hii ni kazi ya kawaida?

#5 BiMswafi
Funguo mbili, mwanangu. Si "ufunguo mbili". Endelea, hoja yako nzuri.

#6 Fundi_Luthuli
Asante bibi. Funguo mbili. Hatia moja.

#7 WakiliMtoro
Fundi, mfano wako una tundu. Simu yako imeibwa jana. Kosa la Dyson bado halijatendeka. Yeye mwenyewe anawaambia pale jikoni kwamba wanamhukumu kwa mambo ambayo hajayafanya. Kwa Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 50(2)(n), huwezi kutiwa hatiani kwa kitendo ambacho wakati wa kukitenda hakikuwa kosa. Kutengeneza chipu haikuwa kosa 1995. Si kosa leo pia.

Na mnasahau Sarah Connor, yule mama aliyempiga risasi ya bega, alikwenda kwake usiku na bunduki ya shabaha. Angetaka kusikilizwa angebisha hodi.

#8 MamaWawili
Wanaume mmeanza na funguo na Katiba. Hakuna aliyetaja mtoto.

Sarah ameshamlenga, ile taa nyekundu imeshatua mgongoni. Danny, mtoto wake, anacheza na gari la rimoti. Gari linagonga mguu wa baba, baba anainama aone ni nini, risasi inapita juu na kuvunja kompyuta. Baadaye Sarah yuko ndani, bastola iko juu ya kichwa cha Dyson, na ni Danny huyo huyo anayejilaza juu ya babake akimwambia yule mama asimuumize. Hapo ndipo mkono wa Sarah unapokufa ganzi. Kwangu mimi hadithi ya Dyson ni hiyo, na chipu ni kelele tu.

Na katika toleo refu kuna sehemu ya mchana: mkewe, Tarissa, anamkumbusha walikuwa wapeleke watoto kuogelea, na yeye haondoi macho kwenye kompyuta. Mimi hiyo sehemu nimeiona kwangu Jumapili ngapi, na mume wangu hatengenezi Skynet. Anatengeneza bajeti za shirika.

#9 Dereva58
Hiyo sehemu haipo. Nimeona hiyo filamu mara ishirini.

#10 MamaWawili
Umeona ya kibanda cha video, iliyokatwa ikakatika. Toleo refu lilitoka baada ya lile la sinema. Njoo na flashi nikuwekee.

#11 Mzee_wa_Kariobangi
Mmesema kibanda mkanitoa mafichoni.

Mimi niliiona Kariobangi, ndani ya mabati, kiingilio bob tano, benchi za mbao zenye misumari ya kuchana suruali. Mwenye kibanda alikuwa anatufasiria kwa sauti juu ya sauti ya filamu, na Dyson alimpa jina la "Daktari". Tukafika pale polisi wamevamia jengo, wamemmiminia risasi, Daktari ameketi chini kwenye vioo, ameinua kitu kizito juu ya swichi ya mabomu. Anapumua. Mnaikumbuka ile pumzi? Haa, haa, haa, fupi fupi, kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. Yule mkuu wa polisi amemwona, ameelewa, anawaambia wenzake watoke.

Genereta ikakohoa. Ikazima.

Picha ikajikunja ikawa nukta nyeupe katikati ya kioo, nukta ikaisha. Giza. Na pale gizani, nawaapia, nilisikia watu wakipumua kama Daktari. Kibanda kizima. Mwenye kibanda akatoka na mtungi kutafuta petroli, hakurudi usiku huo, na pesa zetu hazikurudi pia.

Miaka karibu saba nilijua Daktari bado yuko pale, ameinua mkono. Kijana mmoja alituambia kwamba aliruka dirishani. Mwingine akasema Arnold alirudi kumbeba. Siku nilipoiona mpaka mwisho, kwa shemeji wangu Buruburu, niliondoka sebuleni nikasimama nje kidogo. Kwa hiyo mimi siwezi kusema alistahili. Nilimngoja sana.

#12 KijanaWaUmoja
Mzee umeua uzi wangu kwa uzuri. Lakini swali la kitoto: kwani hakuwa amefinya ile swichi, kwamba akiiachilia italipuka?

#13 Mzee_wa_Kariobangi
La. Kinyume chake. Ameinua kipande kizito juu ya swichi, mkono ukichoka kinaanguka kinabonyeza. Ndiyo maana anawaonya hajui atakishikilia kwa muda gani. Alikuwa anawapa polisi muda wa kutoka. Watu wale wale waliompiga risasi bila kumwambia hata inua mikono. Fundi na hatia yako moja, hilo uliweke kwenye mizani pia.

#14 Fundi_Luthuli
Nimeliweka. Mizani imecheza kidogo.

#15 VisandukuTu
Huwa nasoma tu huku siandiki. #4 imenichoma.

Kazi yangu, hapa hapa Nairobi, ni kuchora visanduku. Picha inakuja kwenye kompyuta, ya barabara. Unazungushia gari kisanduku, mtu kisanduku, mbwa kisanduku, unabonyeza, inakuja nyingine. Ni za kufundishia mashine kuona. Mteja hatajwi jina, anaitwa kwa herufi na namba. Siku moja picha zikabadilika, zikawa za kutoka juu, kama zimepigwa na ndege, na watu wamekuwa vitone. Nikamuuliza kiongozi wa zamu hizi ni za nani. Hakunijibu vibaya hata. Alisema, "Fikisha idadi yako kwanza."

Nikafikisha.

Kwa hiyo ndugu Fundi, mimi ni mshirika?

#16 Fundi_Luthuli
Ndugu yangu, wewe hujapewa mkono wa chuma.

#17 VisandukuTu
Naye Dyson hakupewa Skynet. Alipewa kipande.

#18 WakiliMtoro
Hapo Fundi umekamatwa.

#19 Fundi_Luthuli
Nimekamatwa lakini sijakiri. Tofauti ni cheo. Mchora visanduku akiacha, kesho kuna mwingine kwenye kiti. Dyson ndiye aliyekuwa kiti. Yeye ndiye aliyeambiwa "usiulize" na wakubwa, na yeye ndiye aliyeishusha kwa yule kijana wa maabara huku akitabasamu kidogo. Aliipokea kama mdogo, akaitoa kama mkubwa.

Ila nimpe haki yake ya ufundi. Watu husema "alinakili tu". Chukua mfano: Intel 4004 ya 1971 ilikuwa na transista, vile viswichi vidogo vya ndani, 2,300. Pentium ya 1993, ndiyo ya enzi za Dyson, ilikuwa na milioni 3.1. Hiyo ni miaka ishirini na miwili tu. Sasa wewe unaletewa chipu ya 2029, imepondwa na mashine ya kiwandani, haiwaki, haina kitabu. Mpelekee fundi redio wa mwaka 1960 hizi simu zetu uone kama ataweza hata kuifungua kifuniko. Dyson mwenyewe alikiri ile chipu haikufanya kazi, ila iliwapa mawazo ambayo wasingeyafikia. Kupata wazo kutoka kwa kitu kilichokufa, huo ni ubongo.

#20 MkaaArusha
Wakuu, naingia na la pembeni. Katika ile ya kwanza ya 1984, macho ya roboti yanapoonyeshwa yakisoma, zile herufi zinazopita ni programu ya prosesa ya 6502, ule ubongo wa kompyuta za Apple II. Yaani roboti ya 2029 inaendeshwa na prosesa ya miaka ya sabini. Dyson angejua asingepoteza usingizi.

#21 Dereva58
Hahaha! Kumbe Skynet ni mtumba.

#22 BiMswafi
Na hiyo "chipu" mnayoisema kila mstari, mimi kila nikiisoma naona kibanda cha viazi pale South B, chipsi mwitu na pilipili. Njaa imenishika saa tano ya usiku.

#23 TichaHesabu
Nimemaliza mitihani. Turudi kwenye deni langu.

Mnauliza nani mwenye hatia wakati hatujajua nani mvumbuzi. Fuateni duara: Skynet ilitengeneza roboti ikaituma 1984. Roboti ikapondwa, chipu ikabaki. Dyson akajifunza kwa chipu. Kazi ya Dyson ikawa Skynet. Skynet ikatengeneza roboti. Haya, lile wazo lenyewe lilibuniwa na nani? Hakuna. Limo ndani ya duara tu, halina mama. Dyson anauawa kwa wazo ambalo hakulitunga yeye wala mtu mwingine yeyote. Hesabu za namna hii mwanafunzi akiniletea namwandikia "onyesha kazi".

Jibu la pili ni kwamba kulikuwa na safari ya kwanza kabla ya duara, ambapo Skynet ilibuniwa polepole na watu wengine, na chipu iliharakisha tu. Sehemu ya tatu, ya 2003, inaelekea huko. Skynet inakuja hata hivyo, kama programu chini ya jeshi la anga la Marekani, na mabomu yanaanguka tarehe 25 Julai 2004. Ukichukua hilo, Dyson alinunua miaka saba kasoro mwezi. Mtoto aliyezaliwa 1997 aliingia darasa la kwanza.

#24 WakiliMtoro
Na Terminator: Dark Fate ya 2019 inafuta ya tatu. Humo Skynet haikuja kabisa. Dyson alishinda. Ila wakaja wengine wakatengeneza Legion, maafa yale yale, jina jipya.

#25 TichaHesabu
Sahihi. Kwa hiyo filamu mbili zinampa majibu mawili, na zote hazimtaji kwa shukrani.

Kuna mtu wa kweli wa kumlinganisha naye. Joseph Rotblat, mwanafizikia, alikuwa kwenye mradi wa bomu la atomiki kule Los Alamos. Ilipojulikana mwishoni mwa 1944 kwamba Wajerumani hawatengenezi bomu, alifunga virago akaondoka. Alipata Nobel ya Amani 1995, mwaka ule ule hadithi ya Terminator 2 inapotokea. Wengi walikaa wakamaliza kazi. Yeye hakuhitaji mtu wa kuja kwake na bunduki.

#26 Mzee_wa_Kariobangi
Ticha, Rotblat aliacha kazi akaenda zake mzima. Daktari aliichoma yake kwa mkono wake. Uzito ni tofauti.

#27 MamaWawili
Na Rotblat hakuonyeshwa mkono. Kumbukeni Arnold anavyochana ngozi ya mkono wake pale mbele ya Dyson na mkewe, anaivua kama soksi, chuma kinabaki kinachezesha vidole. Dyson anautambua. Ni ule wa kabatini, ila huu uko hai. Uso wa yule mwigizaji pale! Haogopi roboti. Anaogopa kwamba ameelewa.

#28 Dereva58
Huyo mwigizaji si ndiye babake Olivia Pope kwenye tamthilia ya Scandal? Mke wangu alikuwa hapiki siku za Scandal. Nadhani alirudi pia kwenye Terminator Genisys.

#29 KijanaWaUmoja
Ndiye, Joe Morton. Alipata tuzo ya Emmy ya 2014 kwa huyo baba. Lakini kwenye Genisys ya 2015 Dyson ni Courtney B. Vance, si yeye. Na Danny akiwa mtu mzima ameigizwa na Dayo Okeniyi, aliyezaliwa Jos, Nigeria. Baba Mnigeria, mama Mkenya.

#30 Dereva58
MAMA MKENYA?? Kwa hiyo mtoto wa Dyson ni wetu! Mpwa!

#31 MkaaArusha
Wakenya bwana. Akishinda mbio ni wenu, akitengeneza Skynet mtasema alikuwa anapita tu.

#32 BiMswafi
Ajifunze Kiswahili kwanza, mambo ya ujomba baadaye.

#33 KijanaWaUmoja
Tukiwa kwa Morton: amekuwa mwanasayansi mara ngapi? Henry kwenye tamthilia ya Eureka, halafu Silas Stone, babake Cyborg. Katika lile toleo la Justice League la Zack Snyder la 2021, anajifungia maabara na lile sanduku, analipasha moto mpaka linamuunguza yeye. Mwanasayansi mweusi, baba, anakufa ndani ya maabara yake ili wengine wapate nafasi. Tena. Kaka yangu anasema ni heshima. Mimi naona ni kazi ambayo wamezoea kumpa mtu mmoja.

#34 WakiliMtoro
Nilikuwa nangoja hilo liletwe. Ile kawaida ya filamu za Marekani, mweusi kufa mapema, ipo, sibishi. Lakini Dyson hafi mapema. Anapewa nyumba, ndoa, mtoto, akili kuliko wote, na uamuzi mkubwa kuliko wote. Sarah alishindwa kumuua mtu mmoja. Dyson aliamua kuua maisha yake yote ya kazi kabla ya mapambazuko.

#35 Mzee_wa_Kariobangi
Pale kibandani hatukuhesabu rangi yake kama nyinyi. Tulifurahi tu. Mwenye kibanda alipofasiri kwamba huyu ndiye mwenye akili kuliko wote katika filamu, kuna jamaa nyuma alipiga benchi akasema "Huyo ni wa kwetu!" Kama Dereva hapo juu. Dakika arobaini baadaye genereta ikazima.

#36 VisandukuTu
Nimerudi. Leo zimekuja za barabarani tena. Magari, mbwa, mama mwenye mwavuli.

#37 Fundi_Luthuli
Uliuliza?

#38 VisandukuTu
Kodi ni tarehe tano, Fundi.

#39 Fundi_Luthuli
Sawa. Ukipita Luthuli njoo tunywe chai. Sina hotuba.

#40 KijanaWaUmoja
Kaka yangu amesoma uzi wote. Anasema bado alistahili, ila sasa anasema "alistahili kufa vizuri", na alikufa vizuri. Shemeji anasema hiyo ni kugeuza maneno na leo hakuna TV.

#41 Dereva58
Jana nilipitia kwa MamaWawili na flashi (asante mama, na chai ilikuwa tamu). Sehemu ya mchana IPO, naomba radhi.

Lakini nimepata swali limeninyima usingizi. Lile gari la rimoti la Danny, lililomwokoa Dyson. Nani alilinunua? Kama ni Dyson, basi ni kwa mshahara wa Cyberdyne. Cyberdyne inamlipa kwa sababu ya chipu. Chipu ni ya Skynet. Kwa hiyo siku ile Skynet ndiyo iliyomwokoa Dyson kwa Sarah, ili…

#42 TichaHesabu
Dereva, shukisha hapo.